Kupiga muziki wa Italia wa 1600–1650 kwa gitaa la nailoni: mwongozo kamili

Tablatura ya Kiitalia inakuambia mambo mawili tu: ubonyeze wapi na upige lini. Haikuambii uachie lini. Mtu akinyanyua kidole mara tu noti inayofuata inapofika, atatoa sauti kavu zilizokatwakatwa, kisha atasema vitabu vya tablatura hii havina utamu. Utamu upo, na karibu wote umo katika uzi ulioachwa uendelee kulia wakati mwenzake anapigwa. Karibu kila hatua iliyomo humu inarudi kwenye jambo hilo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gitaa la nailoni anayezijua kordi za kawaida na anayeweza kupiga uzi mmoja mmoja kwa vidole. Kusoma noti za kawaida si lazima. Gitaa la nyuzi za chuma halifai sana: linalia kwa muda mrefu mno, besi zake zinafunika sauti za kati, na baadhi ya mabadiliko ya nyuzi yaliyoelezwa hapa hayawezekani juu yake.

Vyombo na vitabu vyake

Italia ya wakati huo ilikuwa na vyombo vitatu vikubwa vya kudonolewa. Cha kwanza ni liuto, ndugu wa udi. Jina lenyewe linatokana na Kiarabu *al-ʿud*, na aliyeona udi ukipigwa kwenye taarabu ya Zanzibar tayari anaijua sura ya liuto: tumbo la mviringo, uso bapa, kichwa kilichokunjwa nyuma. Tofauti ni kwamba liuto lina freti za utumbo zilizofungwa kuzunguka shingo, na wakati huo lilipigwa kwa ncha za vidole, wakati udi hauna freti na hupigwa kwa risha. Nyuzi zake nyingi huwa mbilimbili. Hapa tutaziita jozi.

Cha pili ni chitarrone, ambacho pia kiliitwa tiorba. Kilizaliwa Florence kwenye miaka ya 1580, miongoni mwa wanamuziki wa ukoo wa Medici, watawala wa mji huo, ili kimfuate mwimbaji. Mwimbaji na mtunzi Giulio Caccini, katika utangulizi wa *Le nuove musiche* ya 1602, anakisifu kuwa ndicho kinachofaa kuliko vyote kuambatana na sauti, hasa ya tenori. Ni chombo kirefu kuliko mtu: nyuzi za shingoni mara nyingi hupita sentimita 80, na besi ndefu zisizobonyezwa huweza kufika sentimita 170.

Cha tatu ni gitaa la jozi tano, dogo kuliko la leo, lililokuwa mikononi mwa kila aina ya watu.

Kwa kuanzia, vitabu vinne vinatosha. Giovanni Girolamo Kapsberger, aliyekulia Venice na kufa Roma mwaka 1651, alichapisha kitabu cha chitarrone Venice mwaka 1604 na cha liuto Roma mwaka 1611. Alessandro Piccinini alichapisha Bologna mwaka 1623 kitabu cha liuto na chitarrone chenye utangulizi mrefu kuhusu namna ya kupiga, na utangulizi huo ni hazina. Cha nne ni cha Girolamo Montesardo, Florence 1606, kitabu cha kwanza kuchapisha kordi za gitaa kwa herufi. Picha za kurasa za vitabu vya aina hii zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP. Pakua picha za chapa ya zamani yenyewe, usitegemee tu nakala zilizoandikwa upya kwa noti za kisasa, kwa sababu waandishi wa nakala hizo huwa wameshakuamulia urefu wa kila sauti.

Vifaa: kapo bapa ya gitaa la klasiki, tuna ya simu (programu ya kutuni), seti mbili za nyuzi za nailoni za mvutano wa kawaida, na penseli.

Hatua ya 1: alfabeto

Anza na herufi, hata kama hamu yako yote iko kwenye liuto. Mfumo huu unaitwa *alfabeto*, na kila herufi ni umbo moja la mkono wa kushoto. Mtego wa kwanza uko papo hapo: herufi hazina uhusiano wowote na majina ya kordi unayoyajua. A si kordi ya A. A ni G meja.

Maumbo yafuatayo yameandikwa kuanzia uzi wa 5 kwenda wa 1. Sifuri ni uzi wazi. Uzi wa 6 hautumiki kabisa.

+ : 2-2-0-0-0 (E maina)
A : 2-0-0-3-3 (G meja)
B : 3-2-0-1-0 (C meja)
C : 0-0-2-3-2 (D meja)
D : 0-2-2-1-0 (A maina)
E : 0-0-2-3-1 (D maina)
F : 2-2-1-0-0 (E meja)
G : 3-3-2-1-1 (F meja)
H : 1-3-3-3-1 (B-fleti meja)
I : 0-2-2-2-0 (A meja)
O : 1-0-0-3-3 (G maina)

Zipo nyingine hadi Z na alama ya &, lakini kwa hizi kumi na moja unaweza kupiga nyimbo nyingi sana. Herufi moja inastahili onyo la peke yake: L, yaani C maina, mara nyingi imechapishwa 3-1-0-3-3, na hapo noti ya D inagongana na C. Usiisahihishe. Umbo hilo limerudiwa mno kuwa kosa la mpiga chapa, na mgongano wake, ukipita haraka kuelekea kordi inayofuata, una uchungu mzuri.

Kwenye vitabu utaona mstari mmoja mlalo wenye herufi, na vijistari vifupi vinavyoning'inia chini au kusimama juu yake. Kijistari cha chini maana yake fagia nyuzi kuelekea sakafuni; cha juu, rudisha mkono kuelekea dari. Montesardo ana njia yake: herufi kubwa hukaa muda mrefu kuliko ndogo.

Mazoezi matatu yafuatayo ni mifuatano ya kordi inayorudiwarudiwa. La kwanza ni bergamaska: A, B, C, A. Kila herufi ipe mapigo mawili. Pigo la kwanza fagia chini mara moja, la pili chini kisha juu. Rudia mzunguko huo hadi mkono wa kushoto usihitaji kutazamwa. La pili ni ciaccona ya mapigo matatu: A, C, +, C. Hapa uzito usiuweke kwenye pigo la kwanza. La kwanza lipige jepesi, la pili lenye nguvu, la tatu rudisha juu. Mpiga ridhimu yeyote ataielewa haraka, maana ngoma hii inatembea kwa kuegemea mahali ambapo sikio halikutegemea. La tatu ni passacaglia ya maina: E, O, I, E, nayo mapigo matatu.

Fagia kwa kifundo cha mkono, vidole vikiwa vimelegea, pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Ukifagia juu ya tundu au karibu na daraja, sauti inakuwa ya bati. Ukifagia kwa kiwiko, kila pigo linakuwa kubwa sawa na lenzake, na densi inageuka kuwa kazi ya kupasua kuni. Uzi wa 6 ukiendelea kunguruma chini ya kila kordi, uondoe. Kuuzuia kwa kidole gumba cha kushoto kunawezekana, lakini kunaubana mkono bila sababu.

Ukishazoea, fungua kitabu chochote cha nyimbo kilichochapishwa na herufi juu ya maneno, kama *villanelle* za Kapsberger zilizoanza kutoka mwaka 1610, na uimbe huku ukifagia. Sehemu kubwa ya muziki huu ilitumika hivyo: mtu, gitaa, sauti yake.

Hatua ya 2: nyuzi zinazopanda badala ya kushuka

Magitaa mengi ya wakati huo hayakuwa na besi. Jozi ya 5 na ya 4, ambazo kwenye gitaa la leo ni nene na nzito, zilifungwa nyuzi nyembamba zenye sauti ya oktavu moja juu. Kwa hiyo uzi wa chini kabisa kwa sauti ulikuwa wa 3, katikati ya gitaa! Ukilibadilisha gitaa lako hivyo, maumbo yaleyale ya alfabeto yatasikika mapya kabisa, mepesi na yenye kumetameta, na utaelewa kwa nini hakuna aliyejali kordi imepinduliwa au la, yaani noti ipi yake iko chini.

1. Ondoa nyuzi za 6, 5 na 4. Usizilegeze zote kwa mkupuo. Ondoa mmoja, funga mwingine.
2. Mahali pa uzi wa 5 funga uzi wa 2 mpya, yaani ule wa B, kisha uutuni chini toni moja hadi A iliyo toni moja juu ya uzi wa 3.
3. Mahali pa uzi wa 4 funga uzi wa 1 mpya, uutuni chini toni moja hadi D.
4. Mahali pa 6 acha patupu.

Kushusha uzi toni moja kunapunguza mvutano wake kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo nyuzi hizi zitakuwa laini kidogo lakini salama. Usifanye kinyume, yaani kuchukua uzi wa 3 na kuupandisha hadi A: unene wake hauupi mlio wa wazi, na unakazana bure.

Tatizo utakalokutana nalo ni kwenye kizingiti cha juu, pale kichwani. Mifereji ya uzi wa 5 na wa 4 ilichongwa kwa nyuzi nene, na uzi mwembamba utazama ndani na kukwaruza freti ya kwanza. Kata kipande chembamba cha karatasi ngumu, kikunje mara moja, ukilaze ndani ya mfereji chini ya uzi. Usijaze gundi, siku utakaporudisha nyuzi za kawaida utajuta. Nailoni mpya hutanuka kwa siku mbili tatu, kwa hiyo kutuni kila baada ya dakika kumi si dalili ya ubovu.

Sasa piga skeli hii polepole, ukiacha kila uzi uendelee kulia:

G: uzi wa 3 wazi
A: uzi wa 5 wazi
B: uzi wa 2 wazi
C: uzi wa 5, freti ya 3
D: uzi wa 4 wazi
E: uzi wa 1 wazi

Mkono wa kulia: shahada, gumba, kidole cha kati, gumba, shahada, kidole cha kati. Mkono wa kushoto unatumia kidole kimoja tu, cha pete, kwa ile C. Sikiliza kinachotokea: B bado inalia C inapoingia juu yake, C inalia chini ya D, na noti zinarukiana kama kengele zinazogongwa na watu mbalimbali. Wapigaji wa leo huita namna hii *campanella*, kengele ndogo, na vitabu vya Angelo Michele Bartolotti, cha kwanza kikiwa cha Florence mwaka 1640, vimejaa mambo ya aina hii. Skeli hiyohiyo ukiipiga kwenye nyuzi mbili zinazofuatana, kama tulivyozoea kwenye solo, noti ni zilezile lakini kengele zimekufa. Ndiyo maana namba za tablatura zifuatwe zilivyo. Mtu anayehamisha noti kwenye uzi ulio rahisi zaidi anatupa muziki wenyewe.

Hatua ya 3: tablatura ya liuto

Rudisha nyuzi zako za kawaida zote sita. Kisha shusha uzi wa 3 kutoka G hadi F-shapu, na uweke kapo kwenye freti ya 3. Gitaa sasa lina G, C, F, A, D, G, sawasawa na jozi sita za liuto la kawaida la wakati huo, kwa sauti ileile. Uzi wa sentimita 65 unabaki na urefu wa karibu sentimita 54.7, na mlio unakuwa mkali na wa karibu, unaokaribia wa liuto. Kwa mazoezi unaweza kupiga bila kapo. Namba hazibadiliki, hubadilika kimo cha sauti tu.

Kuisoma kunataka kubadilisha tabia moja. Mistari sita ni jozi sita, lakini mstari wa juu ni uzi wa 6, mnene, na wa chini kabisa ni uzi wa 1. Tablatura za mtandaoni za siku hizi zimepangwa kinyume. Fikiria gitaa likiwa mapajani, ukilitazama kwa juu: uzi mnene uko karibu na kidevu chako, na ndiyo sababu umeandikwa juu. Sifuri ni uzi wazi, namba nyingine ni freti kuanzia kwenye kapo, na freti ya 10 huandikwa x.

Alama za noti zilizo juu ya mistari ni muda, na alama moja inaendelea kutawala hadi nyingine itokee. Usitafute alama juu ya kila namba.

Namba zilizoandikwa nje ya mistari, juu yake, si freti. Hizo ni majina ya jozi za besi: 7, 8, 9 na X kwa ya kumi. Kosa la kuisoma 7 ya nje kama freti ya 7 linampata karibu kila anayeanza. Kwa kuwa gitaa lako halina besi hizo, zipandishe oktavu moja:

Jozi ya 7 (F): uzi wa 4 wazi
Jozi ya 8 (E-fleti): uzi wa 5, freti ya 3, ikiwa kipande kinataka E, freti ya 4
Jozi ya 9 (D): uzi wa 5, freti ya 2
Jozi ya 10 (C): uzi wa 5 wazi

Mahali ambapo noti hiyo tayari inapigwa kwenye kordi, acha besi isirudiwe.

Kabla ya kufungua kipande kizima, shika kituo kimoja, yaani kordi chache zinazofunga kifungu cha muziki, na ukifanyie kazi hadi kilie. Safu zifuatazo zimeandikwa kutoka uzi wa 6 hadi wa 1, nazo ndizo utakazoziona kutoka juu kwenda chini kwenye ukurasa:

Safu ya kwanza: – 2 2 0 0 –
Safu ya pili: – – 1 – – –
Safu ya tatu: 0 2 2 2 0 0

Safu ya kwanza ina besi ya D, na juu yake G inayong'ang'ania mahali ambapo F-shapu inatakiwa. Safu ya pili ni G hiyo ikikubali kushuka. Ya tatu ni nyumbani, G meja. Vituo vya aina hii utakutana navyo mara mia katika muziki huu.

Kidole cha kati kibonyeze uzi wa 5, cha pete uzi wa 4, vyote kwenye freti ya 2. Piga. Sasa nyanyua cha pete na uweke shahada kwenye freti ya 1 ya uzi wa 4, kisha uupige uzi huo peke yake. Hapa ndipo mkono unapofanya hiana: shahada inaposogea, kidole cha kati kwenye besi hunyanyuka bila kuombwa, na tablatura haikukuambia ukishikilie. Besi ikikatika, F-shapu inabaki ikining'inia hewani na kituo hakina maana. Kidole cha kati kibaki kimebonyeza hadi safu ya tatu ipigwe. Vivyo hivyo nyuzi wazi za 3 na 2: kiganja cha kushoto kikizigusa, zinakufa.

Ukiweza hivyo mara kumi mfululizo, ongeza mtikisiko kwenye safu ya pili: shahada ikiwa freti ya 1, kidole cha pete kipige na kukwanyua freti ya 2 mara tatu au nne, kikianzia juu. Mtikisiko unaokatisha besi ni bora usiufanye.

Sasa nenda kwenye kitabu cha Kapsberger cha 1611. Kina tokata 8 (vipande huru visivyo vya densi), galiarda 12 na korenti 12 (zote mbili ni densi). Anza na korenti. Zina mapigo matatu, mwendo unaeleweka, na nyingi zinakaa kwenye freti tano za kwanza. Kwa kila kipande chukua penseli na ufuate kila besi: chora mstari mlalo kutoka ilipoanza hadi besi inayofuata au hadi kidole kinapolazimika kuondoka. Fanya hivyo kabla ya kugusa gitaa. Baada ya korenti mbili au tatu jicho linaanza kuiona mistari bila kuichora.

Mkono wa kulia

Wapigaji wa leo wa gitaa la klasiki wamezoea kushindanisha shahada na kidole cha kati kwa noti zote za juu. Hapa mbio za noti hupendeza zaidi kwa gumba na shahada vikipokezana, gumba kwenye noti yenye uzito, shahada kwenye nyepesi. Noti zinatoka nzitonyepesi, nzitonyepesi, kama silabi za mtu anayesema. Kwa noti za juu sana tumia kidole cha kati na shahada.

Kuhusu kucha, Piccinini anakubali ziwepo, mradi zipite nyama kidogo tu, na kwenye gumba hapendi ndefu. Kwa gitaa lako, kata fupi na uache nyama iguse uzi kwanza. Sauti ikiwa na mkwaruzo mwanzoni mwa kila noti, kucha bado ni ndefu. Piccinini pia anashauri sauti zipishane kati ya ndogo na kubwa, hasa pale kifungu kinaporudiwa. Fanya hivyo kwa nguvu ya kidole, si kwa kuhamisha mkono kuelekea darajani kila mara.

Hatua ya 4: tokata

Tokata haina mwendo mmoja. Girolamo Frescobaldi, aliyekuwa mpiga kinanda mkuu wa Roma wakati huohuo, aliwaelekeza wapigaji katika tokata zake za 1615 wasifuate pigo moja, bali waende kama waimbao madrigali (nyimbo za sauti kadhaa) za kisasa za wakati wake, mara polepole, mara haraka, kufuata hisia. Shauri hilo linawafaa watu wa nyuzi pia, lakini linafahamika vibaya mno. Uhuru si kuyumbayumba kila mahali.

Gawanya ukurasa kwa penseli katika aina tatu. Kordi ndefu za mwanzo: zifungue uzi mmoja mmoja kutoka besi, polepole, ukiongeza kasi kadiri kordi inavyojaa, na usisogee hadi sauti ianze kufifia. Vifungu vya noti za haraka: anza kwa kusita kidogo kwenye noti ya kwanza, kimbia, kisha pumzika kabla ya kituo. Sehemu ambazo sauti moja inaiga nyingine: hapa shika pigo imara, kwa sababu msikilizaji anataka kuutambua mwigo. Mtu akipiga aina zote tatu kwa uhuru uleule, tokata nzima inasikika kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Kapsberger huchora upinde juu ya noti kadhaa. Piga ya kwanza tu kwa mkono wa kulia, zilizobaki zitoe kwa kugonga na kukwanyua kwa mkono wa kushoto. Alama ya ÷ kwenye kitabu chake cha 1604 inataka kordi ipigwe kwa arpejio, noti moja baada ya nyingine.

Hatua ya 5: tiorba kwenye gitaa

Tiorba ina siri moja. Nyuzi zake ni ndefu mno kiasi kwamba za 1 na 2 zingekatika kwa kimo cha liuto, hivyo zilishushwa oktavu. Uzi wa juu kabisa kwa sauti ni wa 3. Kwenye tiorba ya A, nyuzi za 4, 1 na 3 zikiwa wazi ni G, A, B: noti tatu za skeli zinazofuatana, zote zikilia pamoja bila kidole cha kushoto hata kimoja.

Gitaa linaweza kufungwa hivyo hivyo kwa kimo halisi, kwa nyuzi za seti mbili ulizonazo:

Nafasi ya 6: uzi wa A (wa 5), ukae A
Nafasi ya 5: uzi wa D (wa 4), ukae D
Nafasi ya 4: uzi wa G (wa 3), ukae G
Nafasi ya 3: uzi wa B (wa 2), ukae B
Nafasi ya 2: uzi wa G wa pili, ushushwe hadi E
Nafasi ya 1: uzi wa B wa pili, ushushwe hadi A

Hakuna kapo. Uzi wa nafasi ya 2 utakuwa mlegevu, karibu asilimia 30 chini ya mvutano wake wa kawaida, kwa hiyo upige kwa upole. Ukiupiga kwa nguvu unapanda kimo kisha unashuka, na kila kordi inasikika haijatuniwa. Mifereji ya nafasi za 1 na 2 ni myembamba kwa nyuzi hizi. Usiipanue kwa tupa kwenye gitaa unalolitumia kila siku. Uzi utakaa juu kidogo, na hiyo inavumilika.

Besi za tiorba, kuanzia jozi ya 7, zinashuka G, F, E, D, C, B, A, G. Kuzipandisha zote oktavu kunaharibu zaidi kuliko kwenye liuto, kwa sababu besi huingia katikati ya kordi. Kama yupo mwenzako mwenye gitaa la besi, mpe besi hizo azipige taratibu, kimo halisi. Ya chini kabisa ni G, noti aliyonayo tayari kwenye uzi wa E, freti ya 3. Ushirikiano huo wa watu wawili unafaa kuliko mtu mmoja kuhangaika.

Kipande cha kuanzia ni *Toccata arpeggiata* ya kitabu cha 1604. Ukurasani ni mfululizo wa kordi tu. Ubonyeze kila kordi nzima kabla ya kupiga noti yake ya kwanza, na usinyanyue kidole hata kimoja hadi kordi inayofuata. Pale ambapo kordi mbili zina noti moja ya pamoja kwenye uzi uleule, kidole hicho kisiondoke kabisa. Anza kwa pigo moja kwa sekunde. Kasi si suala hapa.

Kutuni

Tuna ya simu inagawanya oktavu sehemu 12 sawa, na kwa mgawanyo huo theluthi meja (umbali kama wa F hadi A) zinakuwa pana kuliko zilivyopendwa wakati huo. Gitaa lenye freti zisizohama halitaponya kila kitu, lakini kwenye mpangilio wa liuto wa Hatua ya 3 jaribu kushusha uzi wa 3 kwa senti 5 hadi 7 (senti 100 ni nusu toni) chini ya inavyosema tuna. Piga uzi wa 4 na wa 3 wazi pamoja. Ule mtetemo wa haraka, wawawawa, unapungua kasi, na theluthi inatulia. Kisha hakiki uzi wa 3 na wa 2 wazi: vikianza kugombana, umeshusha mno, rudisha senti mbili.

Tuni kapo ikiwa imeshawekwa, kamwe si kabla, maana kapo hubana nyuzi nene na nyembamba kwa kiasi tofauti. Na kila unapohamia kipande kingine, piga kituo chake cha mwisho kwanza, polepole, kidole cha besi kikiwa kimebonyeza, usikilize hadi kimya.